Mji wa Waliozama: Uchambuzi wa Mswada wa Kwanza wa Mfululizo wa Fantasia kutoka Kigoma

Mswada una kurasa 312 na sura 24. Mwandishi wake ni mwalimu wa shule ya msingi, kijana mzaliwa wa Ujiji, na amekusudia uwe kitabu cha kwanza katika mfululizo wa vitabu vinne. Alipouleta kwenye chumba changu cha kuhariri na kuchapa pale mtaa wa Mwanga, Kigoma mjini, hakuuliza kama ni mzuri. Aliuliza mambo ya pesa. Mwenye mtambo wa kuchapa vitabu Dar es Salaam ameshampa bei, akiba yake pamoja na mkopo mdogo wa kikundi vinatosha. Je, aupeleke sasa au asubiri?

“Mwalimu, niambie bila kunionea haya,” alisema. “Bora nichekwe humu ndani kuliko nichekwe Kigoma nzima.”

Ananiita mwalimu kwa kuwa niliwahi kufundisha Kiswahili sekondari. Ameniruhusu niuchambue mswada hadharani mradi nisimtaje yeye wala jina la kitabu, ambalo huenda akalibadili. Wahusika nitawataja, hao hawana pa kwenda kulalamika. Na nimeona faida ya kuuchambua hadharani kwa sababu miswada ya mapenzi na ya upelelezi napokea mingi, ya fantasia michache, na hiyo michache karibu yote hukwama mahali pamoja: inajenga dunia kubwa ya kutosha vitabu vinne, kisha kitabu cha kwanza chenyewe kinasahauliwa.

Hadithi kwa ufupi

Zaituni ana miaka 14. Anaishi Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji, kwenye mwalo ambako boti za kwenda Gombe na vijiji vya mwambao hupakia abiria. Baba yake alitoka usiku kuvua dagaa, hakurudi. Mwili haukuonekana, wala mtumbwi, wala injini, wala taa. Tajiri mwenye chombo hakusubiri matanga yaishe. Alikuja na daftari. Injini ni deni, taa ni deni, nyavu ni deni, na deni sasa ni la mama yake Zaituni.

Hapo fantasia inaingia. Taa ambazo wavuvi huwasha juu ya maji kuvuta dagaa zinaonekana pia kutoka chini. Huko chini kabisa kuna Mji, wakazi wake ni watu waliozama ziwani tangu zama za misafara, na kwa kuwa jua haliwafikii, mwanga ndio fedha yao. Taa ikizama, au ikizimikia majini, imeingia sokoni kwao. Zaituni anagundua kwamba yeye anaweza kushuka na kupanda akiwa hai, lakini kila akishuka macho yake hupoteza sehemu ya uwezo wa kuona gizani. Mwenzake ni Kashindi, kijana ambaye familia yake ilivuka kutoka Congo, fundi wa injini za boti. Ili kulifunga lango la Mji wanahitaji chumvi ya Uvinza, tena wanahitaji kuingia ndani ya meli ya Liemba. Anayewazuia ni Mfalme wa Giza, na huyo nitamrudia kwa sababu ana matatizo yake.

Alipopatia

Nianze na jambo ambalo miswada mingi ya aina hii hailipati kabisa: uchawi wenye bei. Kijana wa kawaida kwenye miswada ninayoletewa huota ndoto, huamka na pete kidoleni, na kuanzia ukurasa wa kumi anapiga watu radi hadi mwisho wa kitabu bila hata kuumwa kichwa. Msomaji anajua tangu mwanzo kwamba hakuna atakachopoteza, kwa hiyo hana cha kuogopa kwa niaba yake.

Zaituni analipa, tena analipia pale pale anapopatia riziki. Uvuvi wa dagaa ni kazi ya usiku. Msichana asiyeona gizani hawezi kushika kamba ya wavu, hawezi kuokota dagaa walioruka nje ya ndoo, hawezi hata kumtambua anayemsogelea ufukweni. Kwa hiyo kila anaposhuka kumtafuta baba, anakata kipande cha riziki ambayo ingemlipia baba deni. Mwandishi haelezi hesabu hiyo. Anaiacha ionekane. Sura ya kumi na mbili ina sentensi ambayo niliipigia mstari kwa kalamu nyekundu, safari hii kwa kuisifu: “Mara ya tatu alipopanda, aliziona taa za mitumbwi, lakini hakuiona tena mikono iliyozishika.” Hakuna kilio, hakuna “loo, macho yangu!” Tumeelewa.

Jambo la pili ni jinsi alivyolitumia ziwa lenyewe. Tanganyika ina kina cha takriban mita 1,470, la pili duniani baada ya Ziwa Baikal la Urusi, na maji yake ya juu na ya chini hayachanganyiki vizuri. Ukishapita mita mia moja hadi mia mbili hivi, oksijeni imekwisha. Dagaa, migebuka, kuhe, wote tunaowajua kwa kuwala, wanaishi kwenye tabaka la juu tu. Sehemu kubwa ya ziwa tunalolitazama kila asubuhi haina samaki hata mmoja. Wengi wetu tuliozaliwa hapa hatulijui hilo. Mwandishi analijua, na ameujenga Mji wake humo, kwenye maji ambamo hakuna kinachopumua. Mlinzi wa lango anamwambia Zaituni: “Huku hakuna samaki. Ukimwona samaki ujue umeshafika kwenu.” Kwa maneno hayo machache dunia mbili zimetenganishwa, na msomaji amepewa alama ya njia atakayoitumia kitabu kizima. Anapopanda, wa kwanza kumpita usoni ni kundi la dagaa, na unashusha pumzi pamoja naye.

Kisha kuna Liemba. Hapa natamani kila mwandishi kijana wa mkoa huu asome sura ya kumi na sita kabla hajaandika chochote kuhusu historia ya kwao. Meli ile ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikasafirishwa na kuundwa upya hapa Kigoma kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka 1916, vita vilipowaelemea, Wajerumani wenyewe waliizamisha isije ikatekwa, lakini kwanza wakazipaka injini grisi nzito ili siku moja zifufuliwe. Waingereza waliiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba. Mwandishi mwingine angetupa maelezo hayo kwa kurasa nane. Huyu amechagua kitu kimoja tu: grisi. Kashindi anaingia chumba cha injini, anapitisha kidole nyuma ya bomba ambalo halijaguswa, kidole kinatoka na grisi nyeusi, laini kama iliyopakwa jana. Anainusa. Ananusa matope ya kina ambacho hakuna mvuvi aliyewahi kufika. Mzee wa bandarini aliyewafungulia mlango anawaambia, “Hii ilikwenda, ikarudi. Mmewahi kuona nini kingine kilichorudi?”

Fundi anaijua dunia kwa vidole, kwa hiyo historia imepita kwenye vidole. Na meli iliyokufa ikarudi ndiyo chombo pekee kinachoweza kumleta juu mtu aliyezama. Ukweli wa mahali na kanuni ya fantasia vimekuwa kitu kimoja. Kwa maoni yangu sura hii peke yake inamstahilisha aitwe mwandishi.

Niongeze na alichokiacha. Hakuna mganga anayetoa irizi. Na ingawa mambo mengi yanatokea Ujiji, Stanley na Livingstone hawajatia mguu. Mkutano wao wa 1871 una mnara wake na makumbusho yake pale, unatosha. Alipoulizwa mbona hawamo, alijibu kwamba waliozama ziwani walikuwa na majina na hakuna aliyeandika hata moja, basi akaona awape nafasi wao. Sikuwa na la kuongeza.

Kurasa za wafalme saba

Sasa upande wa pili. Mswada hauanzi na Zaituni. Unaanza na utangulizi wa kurasa 38 unaosimulia jinsi Mji ulivyoanzishwa, wafalme wake saba mmoja baada ya mwingine, vita vyao, ndoa zao, na sheria za soko la mwanga. Zaituni anaonekana ukurasa wa 39.

Jumamosi jioni huwa tuna kikao cha kusomeana barazani kwangu. Huja wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne, huja mama mmoja anayeuza dagaa sokoni, huja mzee aliyestaafu uvuvi ambaye macho hayamruhusu tena kusoma lakini masikio yake ni makali. Mwandishi mwenyewe alisoma kwa sauti. Mfalme wa kwanza walimsikiliza. Wa pili, simu zikaanza kuangaliwa. Alipofika kwa wa tatu, yule mama akasema kwa upole kabisa, “Mwanangu, na yule mtoto uliyetuambia ana deni, yuko wapi?”

Swali hilo ndilo lingekuwa uchambuzi mzima kama ningeruhusiwa kuandika sentensi moja tu. Mtu aliyesikia kwamba kuna mtoto mwenye deni hawezi kukaa kuwasikiliza wafalme. Deni linamvuta kwa sababu analijua. Wafalme ni wageni kwake, na bado hajapewa sababu ya kutaka kuwajua.

Ninaelewa utangulizi huo umetoka wapi. Anayepanga vitabu vinne hulazimika kujichorea ramani, nasaba na sheria, na akishaichora kazi kubwa namna hiyo roho inamuuma kuiacha kwenye daftari. Lakini daftari ndipo mahali pake. Niliukagua utangulizi mstari kwa mstari nikitafuta kitu ambacho msomaji hawezi kuielewa hadithi bila hicho. Nilipata viwili: kwamba mwanga ni fedha, na kwamba lango haliwezi kufungwa kutoka ndani. La kwanza limeshaelezwa vizuri zaidi sura ya saba, Zaituni anapomwona mwanamke akinunua kitambaa kwa kukitoa kijiti cha kiberiti kilichowaka, kinachoendelea kuwaka majini. La pili linatosha kusemwa na mlinzi wa lango. Kwa hiyo kurasa 38 zote zinaweza kutoka leo jioni na hadithi isichechemee.

Sura ya tatu ndiyo mlango wa kitabu hiki. Tajiri ameketi kwenye kiti cha plastiki uani, daftari gotini, anasoma bei ya kila taa, na mama anaitikia “ndiyo” kwa kila mstari huku anapepeta mchele wa wageni wa msiba. Kitabu kianzie hapo.

Mwezi mpevu

Sura ya tano mwandishi anaipenda kuliko zote. Zaituni anaingia ziwani na wavuvi kwa mara ya kwanza. Mwezi mpevu umepanda juu ya milima ya nyuma ya mji, maji yamekuwa meupe, na taa za mitumbwi zimetapakaa hadi upeo wa macho. Ameiandika kwa lugha tamu. Alisoma ukurasa mzima bila mtu kukohoa. Kisha mzee wetu akauliza:

“Mjukuu wangu, mwezi umejaa, na taa za nini?”

Baraza lilicheka, na mwandishi naye akacheka, lakini alikuwa amebadilika rangi. Kwa msomaji wa mbali nieleze. Dagaa hufuata taa kwa sababu kwingine kote ni giza. Mwezi ukijaa mwanga unakuwa kila mahali, dagaa hawakusanyiki, taa inakuwa mapambo tu. Siku hizo wavuvi huvuta vyombo mwaloni, hushona nyavu, hutengeneza injini, hulala na familia zao na kusubiri giza lirudi. Mtoto wa Kibirizi anajua hivyo kabla hajajua kusoma. Mwandishi amekulia Ujiji kwa wazazi walimu. Ziwa amelitazama sana, ila usiku wa kazi hajawahi kuingia.

Mtu atasema: kitabu kina mji wa wafu chini ya maji, wewe unagombana na mwezi? Ndiyo, nagombana nao. Msomaji amekubali Mji kwa sababu ameahidiwa kwamba kila kitu kingine ni Kigoma anayoijua. Mwandishi wa fantasia anaomba kuaminiwa jambo moja kubwa, na anaombea juu ya mambo madogo mia ambayo msomaji anaweza kuyahakiki mwenyewe. Moja likipinda, anaanza kulihakiki na lile kubwa.

Kasoro za namna hiyo zipo nyingine. Kashindi na Zaituni wanatoka Kibirizi kwa miguu baada ya chakula cha usiku na wanafika Uvinza kabla ya alfajiri, wakati kuna takriban kilomita mia moja. Wapande treni, Reli ya Kati ilifika Kigoma tangu 1914 na inapita Uvinza yenyewe, na safari ya usiku ndani ya behewa ingempa nafasi nzuri ya kutuonyesha jinsi macho ya Zaituni yalivyoharibika. Karabai na simu ya kisasa zinakaa kwenye sura moja bila maelezo, achague zama. Kama ni leo, taa ni za betri na za sola, na swali la kwamba watu wa chini wanazionaje taa hizi nyeupe mpya baada ya miaka mingi ya karabai lingekuwa tamu kulijibu.

Turudi kwenye mwezi, kwa sababu kosa hilo lina utajiri ndani yake kuliko usahihi wa sura nyingine. Kama taa ni fedha ya Mji, basi kila mwezi kuna siku ambazo fedha haiingii. Vyombo viko mwaloni, hakuna taa juu ya maji, soko la chini limekauka. Watu wa Mji hufanya nini siku hizo? Wana njaa? Wanapanda juu kuzitafuta taa wenyewe? Hiyo ni ratiba ya hatari, na ni ile ile ambayo wavuvi wanaishi nayo, ila kwa kinyume: mapumziko ya juu ni ukame wa chini. Nilipomweleza mwandishi alinyamaza kwa muda, akaomba kalamu.

Mfalme asiyetaka kitu

Mfalme wa Giza ana taji, ana sauti ya radi, ana jeshi. Anataka “kuitawala dunia ya juu”. Kwa nini? Mswada haujibu, nami niliposoma kwa mara ya pili nikitafuta jibu sikulipata. Akizungumza anatisha, akinyamaza anasahaulika.

Tajiri mwenye chombo, kwa upande wake, ana kurasa zisizozidi kumi na tano kitabu kizima na ndiye niliyemwogopa. Hapigi mtu. Anasalimia “Mwakeye” kwa adabu, anauliza hali ya mtoto mchanga, ndipo anafungua daftari. Ana sababu, tena sababu ya kweli: injini ile na yeye aliikopa, na kuna mtu mwingine mwenye daftari nyuma yake. Uvuvi wetu unaendeshwa hivyo. Mwenye chombo anachukua fungu lake, mafuta yanatolewa, kinachobaki ndicho wanachogawana waliokesha majini. Baba akizama, mgao unakoma lakini daftari halifungwi.

Ushauri wangu ulikuwa huu: ampunguze Mfalme awe uvumi tu katika kitabu cha kwanza, jina linalotajwa kwa hofu na watu wa Mji, na uzito wote wa upinzani umwendee tajiri. Au hata zaidi, achunguze kama Mji na tajiri wana biashara pamoja. Nani anafaidika taa zinapozama? Mwandishi hakulikubali hili la mwisho. Alisema hataki tajiri awe mchawi, kwani Kigoma tayari kila mwenye mali anasemwa ni mchawi. Amenishinda kwa hoja hiyo na nimemwachia.

Yule mzee mwenye ndevu nyeupe anayejitokeza kila wahusika wanapokwama, sura ya tisa, ya kumi na tatu na ya kumi na nane, akiwa na jibu mkononi, aondolewe bila mjadala. Kashindi ana akili za kutosha.

Lugha sitakaa nayo sana. Usimulizi ni safi. Mazungumzo yanalegea pale watoto wa mwaloni wanapozungumza kama karatasi ya mtihani: “Je, waweza kunieleza chombo kitaondoka lini?” Kibirizi hakuna anayeuliza hivyo. Pale anapojisahau na kuwaacha waseme wanavyosema, Kashindi na Kiswahili chake cha ng'ambo, mama na Kiha chake anapokasirika, mswada unachangamka wenyewe.

Mwisho ambao haujamaliza

Sura ya 21, Zaituni anamfikia baba. Yuko kwenye mtaa wa wanunua taa, anaizunguka taa yake mwenyewe asije akaiuza mtu. Miezi imepita. Binti ameacha nusu ya macho yake njiani. Baba anamtazama, na neno la kwanza linalomtoka ni: “Ile injini imelipwa?”

Niliiweka karatasi mezani. Hapo kuna kila kitu: upendo, aibu, na daftari la tajiri lililomfuata mtu hadi chini ya maji.

Ukurasa unaofuata, tarumbeta zinalia, jeshi la Mfalme linaingia, na kuanzia hapo hadi ukurasa wa 312 ni vita. Baba na binti hawamalizi mazungumzo. Ukurasa wa mwisho lango linapasuka, mkono mkubwa unatokeza juu ya maji ya bandari ya Kigoma, na chini pameandikwa kwa herufi kubwa: ITAENDELEA KITABU CHA PILI.

Hili nililipinga kwa nguvu kuliko yote. Tumelelewa na hadithi za magazetini zilizokatwa mahali pabaya makusudi, na tulizipenda. Lakini gazeti la wiki ijayo lilikuwa bei ya chai na lilikuja baada ya siku saba. Kitabu cha pili cha kijana huyu hakijaandikwa. Kikienda vizuri kitachukua mwaka, akiba ikikatika kitachukua miaka mitatu, na aliyenunua cha kwanza atakuwa ameshalipa bei ya kitabu kizima akapewa nusu. Akidhani amedanganywa, hatanunua cha pili hata kikiwa kizuri mara mbili.

Kitabu cha kwanza kina swali lake lililofunguliwa ukurasa wa tajiri na daftari: deni hili litalipwaje, na nani atalilipa? Swali hilo linaweza kujibiwa ndani ya kitabu hiki bila kugusa siri ya Mji, ya Mfalme wala ya Liemba. Sura ya 21 tayari imeleta mizani. Zaituni ana nguvu ya kupanda mara moja tu kabla macho hayajaisha. Anaweza kupanda na baba, nao warudi mikono mitupu kwenye daftari lile lile. Au anaweza kupanda na taa na injini, familia iwe huru, baba abaki. Na baba mwenyewe ana la kusema kuhusu hilo. Kitabu kimalizikie kwenye uamuzi huo na asubuhi inayofuata ufukweni. Lango libaki wazi, hilo ndilo la kitabu cha pili.

“Nikifunga hapo, cha pili atanunua nani?” aliniuliza.

Atanunua aliyefika asubuhi ile ufukweni na kutaka kujua Zaituni anaishije na alichochagua. Sikumshawishi mara moja. Wanafunzi nao walikuwa upande wake. Kijana mmoja wa kidato cha nne alisema mkono ule wa mwisho ndio uliomfanya asilale. Tukakubaliana nusu njia: uamuzi wa deni ukamilike, asubuhi ipite, halafu mkono uje kwenye ukurasa mmoja wa mwisho, bila yale maandishi makubwa. Bado naona ungebaki nje. Lakini kitabu ni chake na wasomaji wale ni wake pia.

Kwa kitabu cha pili nilimpa dokezo moja tu. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi miezi mitatu, katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaane. Miezi mitatu bila taa hata moja juu ya maji. Ikiwa siku za mwezi mpevu zinauumiza Mji, basi afikirie miezi hiyo.

Pesa

Jibu la swali lake la kwanza: asipeleke mtamboni. Mswada huu una sura sita au saba ambazo singegusa nukta, na una kurasa karibu mia ambazo zikichapwa zitawafukuza wasomaji wale wale ambao sura hizo zingewavuta. Bei ya mtambo inategemea idadi ya kurasa. Akiondoa wafalme saba, mzee wa ndevu na vita vya mwisho, atakuwa na kitabu cha kurasa 220 hivi, na mkopo wa kikundi huenda hautahitajika kabisa. Kabla ya hapo tutoe nakala chache za kawaida hapa hapa, zifungwe kwa pini, moja aipeleke kwa wanaovua Kibirizi na moja kwa mtu anayefanya kazi kwenye chumvi Uvinza, wamsomee makosa ambayo mimi na yeye hatuwezi kuyaona.

Amekubali kuhusu utangulizi, mzee na treni. Kuhusu Mfalme bado tunabishana. Sura ya tano ameanza kuiandika upya, na jana alinitumia ujumbe kuomba nimtafutie kalenda inayoonyesha tarehe za mwezi mpevu na mwezi mwandamo kwa mwaka mzima.